Zabuni ya Mvua na Kofia Iliyovuja

Mama yake ndiye aliyerudi wa kwanza.

Perpetua Ndahani alikuwa ameketi kwenye kiti cha chumba cha kofia, macho ameyafumba, na fundi Gwamaka alikuwa nyuma yake akizungusha kitufe taratibu, nukta kwa nukta. Mara sura ya mama yake ikamjia, na kitenge chake na mwanya wake, kama vile mtu kafungua dirisha. Wakafuata watoto wake wawili. Wakafuata majirani, mchungaji, muuza mkaa. Halafu Perpetua akafumbua macho.

"Ahaa," alisema. "Kumbe yule ni mume wangu."

"Nani tena, mama?"

"Yule mwanaume aliyeniletea nguo getini juzi. Mtanashati. Nilimuuliza mlinzi kama ameoa."

Gwamaka aliacha kuzungusha. "Mlinzi akasemaje?"

"Akasema ameoa, na mkewe ni mkali."

Gwamaka alicheka mpaka ikabidi aweke chini bisibisi. Alikuwa ameshazoea. Tangu sheria ya kofia ipitishwe, hakuna aliyeruhusiwa kufungua bahasha ya mzabuni akiwa na ndugu kichwani, na mji wa Ngwelo ulikuwa mji ambao kila mtu ni ndugu wa mtu. Kabla ya kofia, zabuni ndogo tu ya kupaka rangi milango ya zahanati ilikuwa imechukua miaka minne, kwa sababu kila aliyeshindwa alikata rufaa akidai mtathmini ni mjomba wa aliyeshinda, na kila mara uchunguzi uligundua kwamba kweli ni mjomba, ila ni mjomba wa wote wawili.

Ndipo ikaja kofia. Ilikuwa nyepesi, rangi ya kijivu, na ndani yake mna vipele vya chuma vilivyopakwa mafuta baridi. Ukivalishwa, unabaki na ujuzi wako wote: sheria unaijua, hesabu unazijua, hata mapishi unayakumbuka. Watu ndio wanaoondoka. Kwa siku tatu watathmini watatu, Perpetua akiwa mmoja wao, walifungiwa katika nyumba ya wageni ya halmashauri, na kila asubuhi walijitambulisha upya kwa kusoma kadi walizovaa shingoni, kwani hata wao kwa wao hawakujuana. Siku ya tatu usiku alama zilipelekwa, bahasha zikafungwa, na asubuhi yake kila mmoja alirudishiwa watu wake.

Safari hii zabuni ilikuwa ya mvua. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu Ngwelo ipate mvua ya bure. Mawingu yalipita juu yake kila msimu bila kusimama, na halmashauri ililazimika kumpata mkandarasi wa kurusha ndege nyuki, zile ndege ndogo zisizo na rubani, zikayamwagie mawingu chumvi ya mvua mpaka yaachie. Mkandarasi akiwa mzuri, mtama na karanga vinajaa maghala. Akiwa mbovu, mvua inanyesha wilaya jirani, na majirani hawarudishi.

"Tunamalizia droo ya mwisho," alisema Gwamaka. "Hii ni ya mashemeji na wakwe. Huwa inakwama kidogo."

Alizungusha kitufe. Perpetua alimwona wifi yake. Alimwona baba mkwe. Halafu akaja mtu mrefu, shati jeupe, kicheko kikubwa, mkono uko juu anapunga kwa mbali.

Perpetua aliruka kutoka kwenye kiti, mafuta yanamchirizika shingoni.

"Mungu wangu! Neema ya Anga ni ya Wilbroad!"

"Kampuni?"

"Kampuni ni ya shemeji yangu! Mume wa mdogo wangu Leokadia!"

"Sasa tatizo liko wapi, mama? Hukumjua. Ndiyo kazi ya kofia."

Perpetua alijifuta mafuta shingoni. Alikuwa amekumbuka alama alizompa, na maneno aliyoyaandika kwenye kisanduku cha maoni kwa mwandiko wake mwenyewe. Zaidi ya hayo, alikuwa amekumbuka jinsi alivyojisikia wakati anayaandika.

* * *

Matokeo yalibandikwa Jumatatu. Mzabuni wa tatu alikuwa ameondolewa mapema kwa kugonga muhuri juu chini. Wingu Jema, kampuni ya Bi. Sikitu Ngayoma, ilikuwa ya kwanza kwa wastani wa themanini na mbili. Neema ya Anga ilikuwa ya pili kwa sabini. Jumatano barua ya malalamiko ilikuwa mezani, kurasa kumi na tisa, imechapwa vizuri, imepangwa kwa vifungu. Wilbroad Makasi alikuwa na mapungufu mengi lakini kuandika alijua.

Kifungu cha saba ndicho kilichokuwa na moto. Watathmini wawili, kilisema, waliipa Neema ya Anga themanini na mbili na sabini na nane. Wa tatu aliipa hamsini na moja. Mtathmini huyo wa tatu, kwenye kipengele cha uwezo wa kufikisha huduma kwa wakati, alitoa alama mbili kati ya ishirini, na sababu aliyoiandika ilikuwa na maneno matatu tu: *Mzabuni huyu hatafika.* Mlalamikaji alihoji: mtu asiyemfahamu angejuaje kwamba hatafika? Mlalamikaji aliomba Jopo la Rufaa lichunguze kama kofia ya mtathmini huyo ilivuja.

Mkurugenzi wa Mji, Bwana Msigala, alimwita Perpetua ofisini na kufunga mlango. Alikuwa mtu mnene, mwema, mwenye kutokwa jasho hata penye kiyoyozi. Ukutani kwake palikuwa na ramani ya mawingu.

"Mama Perpetua, angalia hapa. Mawingu yanaingia tarehe kumi na nne. Yanakaa siku tisa. Baada ya hapo mpaka mwakani. Jopo linakaa tarehe kumi. Watakuuliza swali moja tu: ulimjua mwandishi wa andiko la zabuni, au hukumjua. Ukisema hukumjua, tuzo inabaki kwa Wingu Jema, na ndege zao ishirini ziko tayari uwanjani. Nimeziona kwa macho yangu, zinang'aa. Ukisema ulimjua, alama zako zinafutwa zote, kwa kampuni zote mbili. Wanabaki wale wawili. Umepiga hesabu?"

Perpetua alikuwa ameipiga mara sita. Bila alama zake, Wingu Jema ilikuwa na sabini na tisa na nusu. Neema ya Anga ilikuwa na themanini kamili.

"Kwa hiyo jibu ni fupi," alisema Bwana Msigala, akijifuta paji la uso. "Herufi sita. Hapana."

"Na kama siyo kweli?"

"Ulimjua?"

"Sikumjua."

"Basi!"

"Lakini siyo kwamba sikujua kitu, Bwana Mkurugenzi."

Bwana Msigala aligeukia ramani yake kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Leokadia hakusubiri tarehe kumi. Alikuja nyumbani kwa dada yake Ijumaa jioni bila hodi, akasimama katikati ya sebule na mkoba begani.

"Dada, nimekuja kukuuliza. Mume wangu umemfanya nini?"

"Mdogo wangu, kaa kwanza."

"Sikai. Ameshinda wiki nzima anasoma lile neno. Hatafika, hatafika. Analisoma mpaka anapiga mswaki nalo. Kama ulimtambua, sema, apewe haki yake. Wewe ni mtu wa kanisa."

"Na nikisema, mji wote utanena nimempa zabuni shemeji yangu."

"Na usiposema, mimi nitanena umemnyima." Leokadia alivuta mkoba wake vizuri. "Chagua nani akuseme."

Alipoondoka, Perpetua alibaki amekaa. Ajabu ya mambo ndiyo hiyo. Akisema uongo, mji utapata mvua, naye atasifiwa kwa uadilifu. Akisema kweli, zabuni itakwenda kwa ndugu yake, na yeye ataitwa mla rushwa kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita ya kazi. Na Perpetua alimfahamu Wilbroad. Wilbroad alikuwa mtu wa kuazima ngazi na kurudisha vipande.

* * *

Ukumbi wa halmashauri ulijaa tarehe kumi tangu saa mbili asubuhi. Wakulima walikuja na viti vyao. Mbele alikaa mwenyekiti wa Jopo la Rufaa, Jaji mstaafu Asteria Rwegoshora, mama mfupi mwenye miwani ya kusomea na miwani ya kutazamia watu, ambayo aliibadilisha kwa madaha kila aliposikia jambo lisilomridhisha. Upande wa kulia alikaa Bi. Sikitu Ngayoma, ametulia, gauni lake la kazi lina alama za grisi. Upande wa kushoto palikuwa na kiti kitupu.

"Mlalamikaji yuko wapi?" aliuliza Jaji.

Karani alipiga simu, akasikiliza, akaishusha. "Mheshimiwa, anasema yupo njiani."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Jaji alibadilisha miwani. Walimsubiri Wilbroad dakika arobaini, akaingia na shati jeupe, anapunga mkono, anaomba radhi kwa foleni ambayo Ngwelo haikuwa nayo.

Fundi Gwamaka ndiye aliyehojiwa kwanza. Alieleza kwamba kofia ilipimwa kabla na baada, na haikuonyesha hitilafu.

"Inafunga nini hasa?" aliuliza Jaji.

"Watu, Mheshimiwa. Sura zao, majina yao, sauti zao, na mahali ulipokutana nao. Ubongo unahifadhi mtu kwa nyuzi zinazoanzia kwenye sura yake. Kofia inazibana zile nyuzi."

"Vitu je?"

"Vitu haifungi. Kiti, kikombe, njia ya kwenda sokoni, vyote vinabaki. Tukifunga vitu, mtathmini hatajua hata kalamu ni nini."

"Asante. Aitwe Bi. Ndahani."

Perpetua alisimama. Aliona uso wa Bwana Msigala kwenye safu ya mbele, midomo yake inaunda neno la herufi sita. Aliwaona wakulima. Alimwona Leokadia nyuma kabisa, karibu na mlango, hajakaa.

"Bi. Ndahani," alisema Jaji. "Ulipoandika kwamba mzabuni huyu hatafika, ulimjua mwandishi wa andiko hilo?"

"Sikumjua, Mheshimiwa."

Bwana Msigala alishusha pumzi iliyosikika mpaka nyuma.

"Jina lake, sura yake, undugu wake?"

"Sikujua hata kimoja."

"Vizuri. Basi Jopo linaona kwamba..."

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba niendelee. Sijamaliza."

Bwana Msigala alifumba macho.

"Andiko la Neema ya Anga lilikuwa zuri," alisema Perpetua. "Nililisoma kwa raha mpaka ukurasa wa kumi na mbili. Pale pameandikwa: ndege nyuki tisa zipo njiani. Ukurasa wa kumi na tano: mafundi wapo njiani. Ukurasa wa ishirini: kibali cha anga kipo njiani. Mara ya tatu nilipolisoma lile neno, niliona sufuria."

"Sufuria?"

"Sufuria ya pilau, Mheshimiwa. Kubwa, ile ya kupikia watu mia mbili. Ilikuwa chini ya turubai, mfuniko uko wazi, pilau imepoa, mafuta yameganda pembeni. Na nzi. Nilijua kwamba kuna watu wengi wanasubiri na hakuna anayekula, kwa sababu kuna mtu amesema yupo njiani. Sikujua ni nani. Sikujua ni wapi. Ila nilikasirika, Mheshimiwa, nilikasirika sana. Na kwa hasira ile nikatoa alama mbili."

Wilbroad alikuwa ameacha kutabasamu.

"Kofia ilipovuliwa nilielewa," Perpetua aliendelea. "Ile ilikuwa harusi ya mdogo wangu, miaka kumi na tisa iliyopita. Bwana harusi alichelewa kwa saa nne nzima. Kando ya ile sufuria kulikuwa na mtu amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, amevaa nguo nyeupe. Kichwani mwangu siku ya tathmini hakuwa na sura, alikuwa mweupe tu, kama shuka. Sikumjua kuwa ni nani. Lakini nilijua kwamba analia, na nilijua kwamba mimi ni wa upande wake."

Nyuma kabisa, Leokadia alikalia kiti cha mkulima mmoja bila kumwomba.

Jaji Rwegoshora aliweka mezani miwani yote miwili. "Kwa hiyo, mama, unaliambia Jopo kwamba ulimjua au hukumjua?"

"Sikumjua mtu. Nilijua kuchelewa kwake. Alama zangu hazikutoka kwenye andiko pekee. Ningekuwa mimi ndiye mzabuni nisingekubali kupimwa kwa sufuria ambayo sikuiona kwenye vigezo."

"Unafahamu kinachofuata ukisema hivyo?"

"Nafahamu."

"Na unafahamu nani anafaidika?"

"Ndiyo maana sikulala siku nne, Mheshimiwa."

Jopo lilitoka kwa dakika ishirini. Liliporudi, Jaji alisoma bila kupamba. Sheria ilitungwa na watu waliodhani binadamu ni droo zinazofungwa na kufunguliwa. Hata hivyo sheria ni sheria. Alama za mtathmini wa tatu zimefutwa. Kwa tofauti ya nusu alama, zabuni ya mvua ya mji wa Ngwelo inakwenda kwa Neema ya Anga, kwa sharti kwamba tarehe kumi na tatu, saa tatu kamili asubuhi, mzabuni aonyeshe uwanjani ndege nyuki zote kumi na mbili alizoziorodhesha.

Wakulima walizomea. Mmoja alimrushia Perpetua ganda la karanga, likamkosa likampiga Bwana Msigala, naye hata hakujifuta. Bi. Sikitu alikusanya makaratasi yake, akapita mbele ya Perpetua, akasimama.

"Mama, umeniumiza," alisema. "Lakini nikishindwa tena mahali, nitaomba unipime wewe." Akaondoka.

Wilbroad peke yake ndiye aliyebaki amekaa kwenye kiti chake. Kwa mtu aliyeshinda, alikuwa amepauka sana.

* * *

Kesho yake asubuhi Perpetua alikuwa anakunywa chai uani aliposikia hodi. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Wilbroad hakuwahi kuonekana na mtu yeyote saa kumi na mbili na nusu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Karibu. Hongera."

"Usinipe hongera." Alikaa kwenye kigoda, magoti yake marefu yakamfika kidevuni. "Shemeji, kata rufaa."

"Nini?"

"Kata rufaa. Sema Jopo limekosea. Sema uliota. Sema lolote. Mimi sina ndege kumi na mbili."

"Unazo ngapi?"

Wilbroad alitazama kikombe. "Tatu. Moja haina betri. Na ya tatu kuku wametagia kwenye tangi la chumvi, sikuwa na moyo wa kuwafukuza."

Perpetua alitaka kucheka na alitaka kumpiga kwa kijiko. Hakufanya lolote kati ya hayo. "Sasa ulilalamika kwa nini? Kurasa kumi na tisa!"

"Sikutaka kushinda." Aliongea polepole, kama mtu anayevua kiatu kinachobana. "Niliona matokeo, nikaona lile neno. Hatafika. Nikaambiwa aliyeandika hakunijua. Nikajiambia, hivi hata mtu asiyenijua ananijua? Nikataka tu aitwe, aulizwe, aseme alikosea. Halafu jana ukasimama ukaeleza ile sufuria. Shemeji, mimi miaka kumi na tisa nasimulia ile harusi kama kichekesho. Nasimulia kwenye misiba. Sikuwahi kujua kwamba alikaa kwenye ndoo."

"Hukumuuliza?"

"Nilifika, watu wakapiga vigelegele, nikajua yamekwisha."

Kuku wa jirani walipita.

"Nifanyeje, shemeji?"

"Mimi nimeondolewa kwenye zabuni hii. Siwezi kukushauri, hata kwa ishara."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Chai ndiyo ninayoweza kukumiminia."

Akammiminia. Alikunywa vikombe viwili, akashukuru, akaondoka bila kusema anakwenda wapi. Perpetua alijua kwamba njia zilikuwa mbili. Angeweza kuazima ndege tisa kwa mtu, azipake rangi, apite ukaguzi, na mawingu yapite huku yeye anatafuta sababu. Angeweza pia kusema kweli mwenyewe. Kwa mzabuni, kukiri kwamba nyaraka zake zina uongo kulimaanisha kufungiwa zabuni zote za serikali kwa miaka mitano. Perpetua hakumwombea afanye lipi. Aliogopa hata kuomba, asije akaambiwa ameingilia mchakato.

* * *

Tarehe kumi na tatu uwanja wa mpira wa Ngwelo ulikuwa umefurika kabla ya saa tatu. Upande wa mashariki, kwa mbali, ukingo wa kijivu wa mawingu ulikuwa umeshaonekana, na kila mtu alikuwa akiutazama na kujifanya hautazami. Bwana Msigala alikuwa na darubini. Perpetua alisimama nyuma ya kamba, kati ya watazamaji wa kawaida, kama alivyoamriwa na barua.

Jaji Rwegoshora alishuka kwenye gari saa tatu kasoro dakika kumi, akashangaa. Katikati ya uwanja Wilbroad Makasi alikuwa ameshafika. Kwa mujibu wa mlinzi alikuwa pale tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri, na umande ulikuwa umemlowesha suruali mpaka magotini. Mbele yake palikuwa na mkokoteni wa magurudumu mawili, na juu yake ndege nyuki tatu.

"Mzabuni," alisema Jaji. "Orodha yako ina ndege kumi na mbili."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Nahesabu tatu."

"Umehesabu sawa, Mheshimiwa."

"Na hizo tisa?"

Karani alishika kalamu. Watu wote walijua neno linalokuja, wengine walikuwa wameshaanza kulitamka. Wilbroad alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Hazipo," alisema. "Hazikuwahi kuwepo. Nilikuwa na matumaini nazo, nikayaandika matumaini kwenye jedwali la vifaa. Na hii ya mwisho, Mheshimiwa, naomba isikaguliwe kwa kutikiswa. Ina mayai."

Kicheko kilichotokea kilisikika mpaka sokoni. Wilbroad alisubiri kiishe. Hakupunga mkono.

"Najitoa kwenye zabuni hii kwa hiari yangu," alisema, safari hii kwa sauti. "Najua adhabu yake. Mtathmini wa tatu aliniandika vizuri, ila hakustahili kuniandika kwa njia ile, na amelisema hilo mwenyewe wakati ningekuwa mimi ningenyamaza. Bi. Sikitu ana ndege ishirini. Naomba mumpe kazi leo, mawingu yale hayana subira."

Jaji alibadilisha miwani akamtazama kwa ile ya watu. Kisha akamwita karani, akaandika akiwa amesimama, karatasi imelazwa juu ya boneti ya gari. Neema ya Anga imeondolewa na imefungiwa miaka mitano. Tuzo inakwenda kwa mzabuni anayefuata. Bi. Sikitu Ngayoma alitia saini kwa kalamu ya kuazima, akapokea nakala yake, akaanza kukimbia kuelekea kwa mafundi wake huku amekunja gauni mkononi.

Umati ukahamia upande ule. Ghafla uwanja ukawa mtupu, amebaki Wilbroad na mkokoteni wake. Aliushika mpini, akavuta. Gurudumu moja lilikuwa limezama kwenye udongo laini wa eneo la goli, halikwenda.

Leokadia alitoka kwenye umati. Alivuka uwanja na viatu vyake vya ibada, akafika, wala hakumtazama mumewe usoni. Alishika mpini wa upande wa pili.

"Ungeniambia kwamba zipo tatu," alisema.

"Nilikuwa nasubiri zifike."

"Vuta, Wilbroad."

Walivuta, gurudumu likagoma. Perpetua aliinama, akapita chini ya kamba.

"Bi. Ndahani!" Jaji aliita kutoka kwenye gari. "Barua yako inakukataza kugusa jambo lolote la zabuni hii!"

"Zabuni imekwisha, Mheshimiwa," alisema Perpetua bila kusimama. "Huu ni mkokoteni wa shemeji yangu."

Alifika nyuma ya mkokoteni, akakanyaga imara, akasukuma kwa mabega. Leokadia aligeuka akamwona. Walitazamana kwa muda mfupi, dada na mdogo wake, na Leokadia akasogea kidogo kando ili kumpa nafasi ya kushika vizuri. Gurudumu lilichomoka. Walikuwa bado hawajalifikia geti la uwanja wakati ndege ya kwanza ya Bi. Sikitu ilipowapita juu, chini kabisa, inaelekea mashariki na tangi limejaa chumvi.

Wilbroad alisimama akaitazama mpaka ikawa nukta.

"Nzuri," alisema. "Nzuri sana."

"Angalia mayai," alisema mkewe.